Mshono na Mkazo: Silabi za Maneno Marefu katika Kiholanzi na katika Kiswahili cha Katanga

1.0 Utangulizi

Msomaji wa nyaraka za zamani za Katanga hukutana mapema na lugha mbili za Ulaya zilizowekwa pamoja katika ukurasa mmoja. Sheria ya msingi ya koloni la Kongo, iliyotolewa nchini Ubelgiji mwezi wa Oktoba 1908, iliagiza kwamba amri na kanuni zinazowahusu watu wote ziandikwe na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi, yaani Kiholanzi kama kinavyosemwa na Wabelgiji wa upande wa kaskazini, na kwamba matini zote mbili ziwe rasmi. Katika shughuli za kila siku Kifaransa ndicho kilichotawala ofisini na shuleni. Hata hivyo Kiholanzi kiliacha alama zake katika stempu, katika sarafu na katika majina ya miji. Mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966 ulikuwa Élisabethville kwa Kifaransa na Elisabethstad kwa Kiholanzi. Kalemie ilikuwa Albertville na Albertstad. Likasi ilikuwa Jadotville na Jadotstad. Moba ilikuwa Baudouinville na Boudewijnstad.

Majina hayo ya Kiholanzi ni maneno ambatani: jina la mtu limeunganishwa na neno stad, lenye maana ya ‘mji’, na yote mawili yakaandikwa kama neno moja. Kiholanzi hupenda mno kuunda maneno kwa njia hiyo, hata neno moja likafikia silabi kumi au zaidi. Kiswahili nacho kina maneno marefu na kina maneno ambatani. Kwa hiyo mwanafunzi wa isimu anayezilinganisha lugha hizi mbili hupata nafasi nzuri ya kuona jinsi silabi na mkazo vinavyofanya kazi, na jinsi kila lugha inavyomwonyesha msikilizaji mahali ambapo neno limeshonwa.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, jinsi maneno marefu ya Kiholanzi yanavyogawanyika katika silabi na mahali mkazo unapokaa. Pili, jinsi Kiswahili kinavyoshughulikia jambo hilo hilo kwa kanuni zake. Tatu, mafunzo ambayo mwalimu na mwanafunzi wa Katanga wanaweza kuyapata. Mifano ya majina ya mahali imechukuliwa hasa katika eneo la Pweto, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapoanza safari yake. Kistari (-) kinaonyesha mpaka wa silabi, na alama (') imewekwa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu.

2.0 Neno Ambatani la Kiholanzi

2.1 Mpangilio wa sehemu zake

Katika neno ambatani la Kiholanzi, sehemu ya mwisho ndiyo kichwa, yaani ndiyo inayotaja kitu chenyewe. Sehemu inayotangulia huifafanua. Ziekenhuis, ‘hospitali’, limeundwa kwa zieken ‘wagonjwa’ na huis ‘nyumba’: ni nyumba ya wagonjwa. Spoorweg, ‘njia ya reli’, limeundwa kwa spoor ‘reli’ na weg ‘njia’. Kopermijn ni ‘mgodi wa shaba’, kutokana na koper ‘shaba’ na mijn ‘mgodi’. Msomaji ataona kwamba tafsiri ya Kiswahili inageuza mpangilio: kile kinachotajwa mwisho katika Kiholanzi hutajwa kwanza katika Kiswahili, na kiungo -a cha uhusiano huingia katikati.

Mara nyingi sehemu mbili za neno huunganishwa kwa sauti ndogo isiyo na maana yake yenyewe, hasa s. Kwa mfano bestuursblad, ‘gazeti la matangazo ya utawala’, ni bestuur ‘utawala’, kisha s, kisha blad ‘karatasi, gazeti’. Sauti hiyo ni kama uzi wa mshonaji: husaidia kuonyesha mahali ambapo vipande viwili vimekutana.

2.2 Mahali pa mkazo

Kanuni ya kawaida ni kwamba mkazo mkuu wa neno ambatani hukaa katika sehemu ya kwanza, katika silabi ile ile iliyokuwa na mkazo sehemu hiyo iliposimama peke yake. Tuangalie mifano ifuatayo:

'zie-ken-huis
'spoor-weg
'ko-per-mijn
be-'stuurs-blad

Mfano wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini. Si sahihi kusema kwamba mkazo wa Kiholanzi huwa katika silabi ya kwanza ya neno ambatani. Huwa katika sehemu ya kwanza. Na kwa kuwa be- katika bestuur haichukui mkazo, sauti huinuka kwenye silabi ya pili. Kwa kanuni hiyo hiyo jina Elisabeth, ambalo Waholanzi hulitamka E-'li-sa-beth, hubaki na mkazo wake katika E-'li-sa-beth-stad.

Jambo la kushangaza zaidi kwa sikio la Mswahili ni kwamba mkazo huo hauondoki hata neno likirefushwa kwa kuongezwa sehemu nyingine nyuma yake. Maatschappij, ‘kampuni’, likiwa peke yake lina mkazo mwishoni: maat-schap-'pij. Lakini likiunganishwa na spoorweg tunapata 'spoor-weg-maat-schap-pij, ‘kampuni ya reli’, na mkazo mkuu unabaki kwenye spoor. Silabi -pij haipotezi nguvu yake yote; inabaki na mkazo hafifu, kama mtu aliyekuwa chifu katika kijiji chake ambaye akifika kwa mkubwa wake huketi pembeni. Neno refu zaidi, linaloonekana mara nyingi katika habari za kazi na bima nchini Uholanzi, ni hili:

'ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring

Maana yake ni ‘bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi’. Lina silabi kumi. Verzekering, ‘bima’, likiwa peke yake lina mkazo kwenye -ze-; humu mkazo huo umeshuka daraja, na silabi ya kwanza kabisa ndiyo inayotawala neno zima.

Kanuni hii ina maneno yanayoiepuka. Stad-'huis, ‘ofisi kuu ya mji’, na bur-ge-'mees-ter, ‘mkuu wa mji’, yana mkazo katika sehemu ya pili. Hayo hujifunzwa kwa moyo, moja baada ya jingine.

2.3 Mahali pa kukata

Silabi za Kiholanzi zinaweza kuishia kwa konsonanti, na mara nyingi huishia kwa konsonanti mbili au tatu. Kutokana na hali hiyo, macho ya msomaji hayawezi kila mara kujua konsonanti iliyo katikati ni ya upande upi. Kanuni ya waandishi wa Kiholanzi ni kwamba mshono hushinda: neno ambatani hukatwa kwanza mahali ambapo sehemu zake zimekutana, ndipo kila sehemu igawanywe kwa kanuni za kawaida.

Walimu wa Kiholanzi wana mifano mashuhuri ya kuonyesha umuhimu wa kanuni hiyo. Neno kwartslagen linaweza kukatwa kwart-sla-gen, nalo likawa na maana ya ‘mizunguko ya robo’, kama mtu anapozungusha kitasa robo ya duara. Linaweza pia kukatwa kwarts-la-gen, ‘matabaka ya kwatsi’, yaani ya lile jiwe gumu ambalo wachimba madini wanalijua vizuri. Herufi ni zile zile na mkazo uko pale pale mwanzoni. S moja tu imehama kutoka silabi moja kwenda nyingine. Vilevile valkuil likikatwa val-kuil ni ‘shimo la mtego’. Likikatwa valk-uil lingekuwa jina la ndege, nusu kozi nusu bundi.

Kuna mfano mwingine ambao mgawanyo wa silabi katika maandishi hautofautiani, nao ni massagebed. Mgawanyo wake ni mas-sa-ge-bed kwa vyovyote vile. Lakini 'mas-sa-ge-bed ni massa ‘umati’ pamoja na gebed ‘sala’, yaani sala ya umati. Na mas-'sa-ge-bed ni massage ‘kukanda mwili’ pamoja na bed ‘kitanda’. Hapa mkazo humsaidia msikilizaji kujua mshono uko wapi. Tunaweza basi kuhitimisha sehemu hii kwa kusema kwamba katika Kiholanzi mshono wa neno ambatani husikika, ama kwa mgawanyo wa silabi, ama kwa mkazo, ama kwa vyote viwili.

3.0 Neno Refu la Kiswahili

3.1 Mkazo unaosafiri

Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Yako maneno machache yenye asili ya kigeni yanayoepuka kanuni hiyo, kama 'la-zi-ma, na jozi inayojulikana na kila mwanafunzi: ba-ra-'ba-ra ‘njia kuu’ na ba-'ra-ba-ra ‘sawasawa, kama inavyotakiwa’. Isipokuwa hayo, kanuni ni imara.

Uimara wa kanuni ndio unaofanya mkazo wenyewe usitulie. Kila silabi inapoongezwa mwishoni, mkazo husogea nayo. 'Nyu-mba ikipata kiambishi cha mahali huwa nyu-'mba-ni. 'Shu-le huwa shu-'le-ni. Kitenzi 'so-ma hupata viambishi mbele na nyuma, hata tukafikia wa-ta-ka-o-wa-so-me-'she-a, neno la silabi tisa. Shina so- ambalo lilikuwa na mkazo mwanzoni sasa halina chochote, na sauti imeinuka kwenye kiambishi cha mnyambuliko. Ndiyo kusema, mkazo wa Kiholanzi umefungwa kwenye mzizi kama mtumbwi uliofungwa kwenye mti ufukoni, na mkazo wa Kiswahili husafiri hadi karibu na mwisho wa neno bila kujali unaacha nini nyuma.

3.2 Neno ambatani

Kiswahili huunda maneno ambatani kwa wingi, ingawa hayarefuki kama yale ya Kiholanzi. Tazama:

mwa-na-'fu-nzi
mwa-na-she-'ri-a
pu-nda-mi-'li-a
ga-ri-'mo-shi
mwe-nye-'ki-ti

Katika kila neno hapa mkazo mkuu ni mmoja, nao umo katika sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza imepoteza mkazo wake au imebaki na mkazo hafifu sana. Tofauti hiyo husikika tukilinganisha neno ambatani na kirai chenye maneno yale yale. 'Mwe-nye 'ki-ti, yakiwa maneno mawili, ni mtu yeyote anayemiliki kiti. Kila neno lina mkazo wake. Mwe-nye-'ki-ti, likiwa neno moja, ni yule anayeongoza mkutano, hata kama amesimama na kiti si chake.

Hapa pana jambo ambalo huenda likaonekana la bahati tu, lakini lina maana. Katika Kiholanzi kichwa cha neno kiko mwishoni na mkazo uko mwanzoni. Katika Kiswahili kichwa kiko mwanzoni na mkazo uko karibu na mwisho. Lugha hizi mbili zimegeuziana migongo kwa mpangilio na zimegeuziana migongo kwa mkazo. Matokeo yake ni kwamba zote mbili hupaza sauti kwenye sehemu inayofafanua. Mholanzi anapotamka 'zie-ken-huis, anakazia wagonjwa, wala si nyumba. Mswahili anapotamka mwa-na-she-'ri-a, anakazia sheria, wala si mwana. Kwa njia zilizo kinyume, masikio ya watu wote wawili huelekezwa kwenye kile kinachomtofautisha mwanasheria na mwanajeshi, au hospitali na nyumba nyingine.

3.3 Mahali mshono unapoonekana

Ikiwa Kiswahili huunganisha sehemu mbili chini ya mkazo mmoja, je, msikilizaji anatambuaje kwamba neno limeshonwa? Kwanza, ni vigumu kupata katika mishono ya Kiswahili utata wa aina ya kwartslagen. Karibu maneno yote ya asili ya Kibantu huishia kwa irabu, na silabi zake ni wazi. Kwa hiyo mshono huangukia kwenye mpaka wa silabi bila mwandishi kujitahidi: mwana-sheria, gari-moshi, punda-milia. Hata irabu mbili zinapokutana, kama katika mwanaanga na mwanaisimu, kila moja hubaki na silabi yake: mwa-na-'a-nga, mwa-na-i-'si-mu.

Pili, mshono huonekana katika wingi wa nomino. Mwenyekiti huwa wenyeviti, na mwanamke huwa wanawake: sehemu zote mbili zinabadilika, kila moja kwa ngeli yake, ingawa zimefungwa chini ya mkazo mmoja. Katika mwanafunzi na mwanasheria ni sehemu ya kwanza tu inayobadilika. Kwa maneno mengine, Kiholanzi huonyesha mshono kwa sauti, na Kiswahili huuonyesha kwa sarufi. Mtu asiyejua upatanisho wa ngeli anaweza kusikia wenyeviti mara kumi asigundue kwamba ndani yake mna viti.

4.0 Hali ya Katanga

4.1 Silabi ya m

Utata wa mgawanyo, ambao Kiholanzi kinao kwenye mshono, Kiswahili sanifu kinao mwanzoni mwa neno, katika sauti m. Kiambishi mu- cha zamani kimepoteza irabu yake mbele ya konsonanti, na m iliyobaki imekuwa silabi kamili. Neno mtu lina silabi mbili, na mkazo uko juu ya m yenyewe: 'm-tu. Ndivyo ilivyo katika mwa-na-'m-ke. Lakini m ya mbuzi si silabi; imeungana na b kuwa sauti moja: 'mbu-zi. Kwa sababu hiyo maandishi mbuni yanaweza kuwa 'mbu-ni, ndege mkubwa asiyeruka, mwenye silabi mbili. Au m-'bu-ni, mti wa buni au mtu anayebuni jambo, lenye silabi tatu.

Wasemaji wa Kiswahili wa Katanga, kutoka Lubumbashi hadi Pweto, kwa kawaida huitamka irabu hiyo. Husema mutu au muntu, mutoto, mwanamuke. Utamkaji huu umeelezwa na wataalamu waliofanya kazi katika mkoa huu. Miongoni mwao ni Edgar Polomé, mwanaisimu wa Kibelgiji aliyefundisha katika chuo kikuu cha Élisabethville kuanzia mwaka 1956. Alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1967, na baadaye akaandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Johannes Fabian naye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi siasa ya lugha ya wakoloni ilivyohusiana na kuenea kwa Kiswahili katika miji ya migodi.

Mara kwa mara mwanafunzi wa Katanga huambiwa kwamba Kiswahili chake kimeharibika. Katika jambo tunalolizungumzia, shutuma hiyo haina msingi. Tukiyaweka maneno haya sambamba tutaona:

'm-tu — 'mu-tu
m-'to-to — mu-'to-to
mwa-na-'m-ke — mwa-na-'mu-ke

Idadi ya silabi haikubadilika, na mkazo haukuhama. Kilichobadilika ni kiini cha silabi moja: pwani ni m, Katanga ni u. Tena utamkaji wa Katanga unamsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini m ya mtu ni silabi na m ya mbuzi siyo. Kwani anayesema mutu hatasema kamwe *mubuzi. Mwalimu anayefundisha Kiswahili sanifu huko Pweto ana haki ya kumtaka mwanafunzi aandike mtu. Lakini afadhali amwonyeshe kwamba silabi anayoitamka nyumbani ndiyo ile ile inayoandikwa kwa herufi moja shuleni, kuliko kumwambia kwamba ya nyumbani ni kosa.

4.2 Majina ya mahali kati ya lugha tatu

Jina Elisabeth linatupa mfano mzuri wa kanuni tatu zilizokutana katika mji mmoja. Mholanzi alitamka E-'li-sa-beth. Mfaransa, ambaye lugha yake huweka uzito mwishoni mwa kundi la maneno, alitamka É-li-sa-'beth, na mji wenyewe É-li-sa-beth-'ville. Mswahili, aliyelipokea jina hilo katika Biblia na katika ubatizo, aliongeza irabu ili silabi ya mwisho iwe wazi, akasema E-li-sa-'be-ti. Mtu mmoja mwenye jina hilo angeweza kuitwa kwa mikazo mitatu kati ya asubuhi na jioni, na kila aliyemwita alikuwa sahihi kwa kanuni za lugha yake.

Majina ya eneo la Pweto nayo hupata shida ya namna hiyo, hasa yanapoandikwa na kukatwa kwa desturi ya Kifaransa. Ziwa ambalo Waswahili wanaliita Mweru huandikwa Moero katika ramani nyingi za Kifaransa. Mwe-ru ni silabi mbili. Mo-e-ro ni tatu. Mtoto anayejifunza kusoma akiuona mwandiko wa pili huhesabu silabi ambayo wazazi wake hawaitamki. Mji wa Kilwa, ulio kando ya ziwa hilo hilo, ukikatwa kwa desturi ya Ulaya huwa Kil-wa. Kwa Kiswahili ni Ki-lwa. Lukonzolwa ni Lu-ko-'nzo-lwa, si Lu-kon-zol-wa. Mto ni Lu-'vu-a, na mgodi wa shaba na fedha ulio katika eneo hilo ni Di-ku-'lu-shi. Jina la Pweto lenyewe ni silabi mbili tu, 'Pwe-to, kwa kuwa w haiwezi kuwa kiini cha silabi.

Makao makuu ya mkoa yanatupa mfano ulio wazi zaidi. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine nyingi za Kibantu, mb, nd, ng, nj na nz ni sauti zinazoanza silabi. Kwa hiyo ni Lu-bu-'mba-shi, si Lu-bum-ba-shi. Na ni Ka-'ta-nga, si Ka-tan-ga. Kanuni za Kifaransa na za Kiholanzi huikata m kutoka kwenye b, kwa kuwa lugha hizo zinakubali silabi kuishia kwa m. Kitabu cha Kiswahili kilichopangwa na mchapaji aliyezoea desturi hizo, au na mashine iliyowekewa kanuni hizo, kitamaliza mstari kwa Lubum- na kuanza unaofuata kwa -bashi. Anayejua kusoma atapita bila kujikwaa. Anayejifunza atatamka silabi isiyokuwamo katika lugha yake.

5.0 Mafunzo kwa Mwandishi na Mwalimu

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Watoto wengi wa Katanga basi husoma lugha mbili zenye kanuni za mkazo zisizopatana, na mara nyingi mwalimu ni yule yule, ubao ni ule ule. Kutokana na yaliyoelezwa hapo juu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, neno la Kiswahili linapokatwa mwishoni mwa mstari, likatwe baada ya irabu, na sauti kama mb, nd, ng na nz zisitenganishwe. Maneno yaliyopokewa kutoka Kiarabu na lugha nyingine, kama lab-da na dak-ta-ri, yana silabi funge na hukatwa baada ya konsonanti. Hayo ni machache na yafundishwe kwa orodha.

Pili, neno ambatani likatwe kwenye mshono wake kila inapowezekana. Mwana-sheria ni bora kuliko mwanashe-ria, ijapokuwa yote mawili yanafuata mpaka wa silabi. Hapa desturi ya Kiholanzi inafaa kuigwa, kwani macho ya msomaji hupata sehemu yenye maana na si kipande kitupu.

Tatu, swali linalowasumbua wahariri wengi, kama waandike mwana siasa au mwanasiasa, lijibiwe kwa sikio kabla ya kujibiwa kwa kamusi. Ikiwa sehemu ya kwanza imepoteza mkazo wake, na ikiwa haiwezekani kuingiza neno jingine katikati, basi ni neno moja na liandikwe pamoja. Tunasema mwanasiasa wangu; hatusemi *mwana wangu siasa. Lakini njia ya reli ibaki maneno matatu, kwa kuwa kila nomino ina mkazo wake na tunaweza kusema njia mpya ya reli.

Nne, waundaji wa istilahi wasishawishike kuiga urefu wa Kiholanzi. Mkazo wa Kiholanzi hukaa kwenye mzizi wa kwanza, na kila sehemu inayofuata huhifadhi mkazo wake hafifu. Ndiyo maana msikilizaji anaweza kulifuata neno la silabi kumi bila kupotea. Kiswahili kikiunganisha nomino nne katika neno moja kitakuwa na mkazo mkuu mmoja karibu na mwisho, na sehemu tatu za kwanza zitafifia. Kiungo -a kimekwisha kutatua tatizo hilo tangu zamani: bima ya mtu asiyeweza kufanya kazi ni kirefu, lakini kila neno lina pumzi yake.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kiholanzi na Kiswahili hushona maneno kwa njia mbili tofauti. Kiholanzi hutanguliza kifafanuzi, hukikazia, na huuacha mkazo huo pale pale neno linaporefuka; mpaka wa sehemu zake hulindwa na mgawanyo wa silabi. Kiswahili hutanguliza kichwa na kuuacha mkazo usogee hadi kwenye kifafanuzi. Mpaka wa sehemu zake hulindwa na silabi wazi na huonekana katika upatanisho wa wingi. Tumeona pia kwamba Kiswahili cha Katanga, ambacho baadhi ya watu hukiona kuwa kimepotoka, kinatunza hesabu ya silabi na mahali pa mkazo sawasawa na kile cha pwani.

Majina ya Elisabethstad na Albertstad yameondoka katika ramani, na wachache sana mjini Lubumbashi leo wanayakumbuka. Desturi ya kukata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za lugha nyingine haikuondoka pamoja nayo. Hiyo inaweza kuondolewa na walimu na wahariri wenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, na mahali pazuri pa kuanzia ni jina la mji ambamo chuo kikuu chetu kimesimama: Lu-bu-mba-shi.